Fundi Anayeuliza Kabla ya Kugusa

Ujumbe wenyewe ni mfupi: kiendeshi cha kerneli hakijasakinishwa, na pembeni yake namba, -1908. Ukitumia VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, kwenye Ubuntu au Debian kwa muda wa kutosha, siku moja utakutana nao. Mashine pepe iliyowaka jana leo haiwaki. Mwenye kompyuta anaapa kwamba hakufanya kitu. “Kaka, imegoma yenyewe tu,” anamwambia fundi, na wala hadanganyi. Mfumo ndio uliojisasisha yeye akiwa kwenye shughuli nyingine, ukaweka kerneli mpya, yaani kiini kipya cha mfumo. Alipoizima kompyuta na kuiwasha tena, aliingia kwenye mfumo ambao si ule wa jana, na hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo watu wawili hutofautiana. Wa kwanza anaufunga ujumbe bila kuusoma, anafuta VirtualBox na kuisakinisha upya. Ikigoma tena, anafuta Ubuntu nzima. Wa pili anausoma mpaka nukta ya mwisho, kisha anauliza: kerneli gani inaiendesha kompyuta hii sasa hivi? Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumsifu. Huenda amri anazozijua hazizidi za mwenzake. Anachomzidi ni subira ya kutogusa kitu kabla ya kujua kwa nini anakigusa.

Kwa asiyeijua kazi hii, mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa yake, memori yake, diski yake na kadi yake ya mtandao, na mfumo endeshi unaosakinishwa humo hufanya kazi kana kwamba umepewa kompyuta kamili. Mwanafunzi wa TEHAMA huitumia kujifunza seva bila kununua seva. Mhasibu aliyehamia Linux huitumia kuendeshea ile programu moja ya zamani inayokubali Windows peke yake. Mtaalamu wa usalama hufungulia humo faili asiloliamini. Mfumo wa nje huitwa mwenyeji, wa ndani huitwa mgeni, na kama ilivyo kwa wenyeji na wageni popote, ugomvi mwingi hutokea pale mipaka ya nyumba isipojulikana.

Mipaka hiyo ni mingi. Juu kabisa iko programu anayoitaka mtumiaji, ndani ya mgeni. Chini yake yuko mgeni mwenyewe, kisha VirtualBox, kisha kerneli ya mwenyeji pamoja na moduli ambazo VirtualBox imezipachika humo, kisha BIOS au UEFI ya bodi, na chini kabisa prosesa. Hitilafu inayozaliwa kwenye tabaka moja huweza kujitokeza kwenye jingine, kama bomba lililopasuka jikoni huku ukuta unaolowa ni wa sebuleni. Anayepaka rangi ukuta wa sebuleni atapaka kila mwezi. Ufundi ninaousifu ni wa kufuata unyevu mpaka kwenye bomba.

Wazo la kompyuta ndani ya kompyuta si la jana. Wahandisi wa IBM walilifanyia kazi mjini Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika masharti ambayo prosesa ikiyatimiza inaweza kubeba mashine pepe bila taabu. Sharti kuu lilikuwa hili: amri yoyote inayogusa hali nyeti ya mashine, ikitolewa na programu isiyo na mamlaka, lazima inaswe na kupelekwa kwa msimamizi. Prosesa za ukoo wa x86, zilizokuja kujaa maofisini na majumbani, hazikulitimiza. Zilikuwa na amri kama POPF, ambayo programu isiyo na mamlaka ikiitumia kubadilisha alama ya ukatizaji, prosesa haitii wala hailalamiki. Inapita kimya, na kazi inaendelea juu ya jibu la uongo.

VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilikizunguka kikwazo hicho kwa kuzitambua amri za namna hiyo na kuzitafsiri upya wakati mgeni akiendelea kufanya kazi, na mwaka 1999 ikatoa bidhaa yake ya kwanza. Mwaka 2005 Intel ikaanza kuuza prosesa zenye VT-x, na mwaka uliofuata AMD ikaleta AMD-V. Sasa msaada ukawa ndani ya chuma chenyewe. Januari 2007 kampuni ya Kijerumani ya Innotek ikaitoa VirtualBox kama programu huria. Mwaka 2008 ikachukuliwa na Sun Microsystems, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Mwanzoni mwa mwaka uleule wa 2007, KVM, msimamizi mwingine wa mashine pepe, iliingizwa ndani ya Linux yenyewe, katika toleo la 2.6.20. Kumbuka jina hilo, tutakutana nalo mbele.

Nimeisimulia historia hii kwa sababu ina funzo ambalo kila fundi wa mashine pepe hulifikia kwa njia yake: hitilafu inayopiga kelele ni ya heri, inayonyamaza ndiyo ya kuogopwa. Ile -1908 inapiga kelele. Tuifuate.

VirtualBox haiwezi kufanya kila kitu ikiwa programu ya kawaida. Kazi kama kuiwasha VT-x hufanywa na walio ndani ya kerneli tu, kwa hiyo huweka humo moduli yake iitwayo vboxdrv. Moduli hiyo hujengwa kwa ajili ya toleo moja la kerneli. Toleo likibadilika, lazima ijengwe nyingine. Ipo programu ya kushughulikia jambo hilo, DKMS, iliyoanzia katika kampuni ya Dell: kila kerneli mpya inapoingia, hujenga moduli upya bila mtumiaji kujua. Lakini ili ijenge, inahitaji kikusanyi cha lugha ya C na mafaili ya maelezo ya kerneli hiyohiyo, yale ambayo kwenye Ubuntu na Debian huja katika kifurushi ambacho jina lake huanza na linux-headers. Yakikosekana, ujenzi unashindikana, sababu inaandikwa kwenye faili liitwalo make.log, na kompyuta inaendelea kuwaka vizuri kabisa. Picha zinafunguka, muziki unapiga, intaneti ipo. Habari ya moduli iliyokosekana inasubiri mpaka siku utakapoiita mashine yako pepe.

Sasa mtazame fundi akifanya kazi. Anaandika `uname -r`, anajua kerneli inayotumika. Anaandika `dkms status`, anaona kama kuna moduli iliyojengwa kwa kerneli hiyo. Kama haipo, anaiacha VirtualBox kwanza. Swali limehamia kwenye ujenzi, na jibu limo ndani ya make.log. Kama ipo, anasogea hatua moja: `sudo modprobe vboxdrv`. Hapa kuna jambo linalowababaisha wanaoanza. Kwenye Linux, amri iliyofanikiwa mara nyingi haisemi neno. Kimya cha `modprobe` ni habari njema, lakini fundi amekwisha kujifunza kwamba vimya havifanani, kwa hiyo anathibitisha kwa `lsmod` kwamba moduli imeingia kweli. Kila amri katika mlolongo huu ni swali. Hakuna hata moja iliyofuta au kubadilisha faili lolote, na tayari nusu ya uwanja wa mashaka imefyekwa.

Huenda `modprobe` isinyamaze, bali iseme kwamba ufunguo umekataliwa. Basi moduli ipo, imejengwa sawasawa, na imezuiwa mlangoni na Secure Boot, utaratibu wa UEFI wa kukagua saini za vinavyowasha kompyuta. Ukiwa umewashwa, Ubuntu, Debian na Fedora huikatalia moduli isiyo na saini inayotambulika. Moduli zinazokuja na mfumo zimetiwa saini na waliouandaa. Hii yetu imejengwa hapahapa, juu ya kompyuta yako, dakika chache zilizopita, nani anaijua?

Jibu la Ubuntu ni zuri, na ndilo linalowapoteza wengi. Mfumo hutengeneza ufunguo wa kompyuta hiyo, huitia moduli saini kwa ufunguo huo, kisha hukuomba uweke nywila ya muda na kuwasha upya. Inapowaka, kabla ya mfumo kuanza, hutokea skrini ya buluu inayouliza kuhusu MOK, yaani ufunguo wa mwenye mashine. Ukichagua kuusajili na kuandika ile nywila, mambo yamekwisha. Lakini mtu ambaye hakuyasoma maelezo anaona skrini ya buluu, anadhani kompyuta imeharibika, anabonyeza haraka sehemu ya kuendelea. Mfumo unawaka kama kawaida. Moduli imejengwa, imetiwa saini, na bado inakataliwa, kwa sababu aliyetia saini hakuwahi kutambulishwa mlangoni.

Mtu huyo anaweza kusakinisha VirtualBox usiku kucha na asibadilishe kitu, maana VirtualBox haina kosa. Anayeuliza `mokutil --sb-state` anaambiwa kwa mstari mmoja kama Secure Boot imewashwa, na kwa `sudo mokutil --import` pamoja na njia ya faili la ufunguo anaomba usajili upya, safari hii akiisubiri ile skrini ya buluu kwa macho makavu.

Njia ya mkato ipo: kuingia kwenye UEFI na kuizima Secure Boot. Inafanya kazi, na wako watu wazima walioamua hivyo kwenye kompyuta zao wakijua wanachofanya. Ila fundi mwaminifu humwambia mteja kwamba mlinzi ameondolewa, na kazi ya mlinzi huyo ilikuwa nini. Kuzima ulinzi wa mtu bila kumwambia, kisha kupokea pesa na shukrani, ni utapeli hata kama mashine inawaka.

Kisa cha pili nakipenda zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna kilichoharibika. Novemba 2024 ilitoka Linux 6.12. Kabla ya hapo, KVM ilikuwa inasubiri mpaka mtu aanzishe mashine pepe yake ndipo iiwashe VT-x kwenye prosesa. Kuanzia 6.12, kwa desturi mpya, huiwasha mara tu moduli yake inapopakiwa, jambo ambalo kwenye kompyuta nyingi hutokea zinapowaka. VirtualBox nayo ilipokuja kudai VT-x ileile, ilikuta imekwisha kukaliwa, na mtumiaji akasomewa ujumbe kwamba VT-x inatumiwa na msimamizi mwingine, ukiwa na jina refu VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Waliohamia Debian 13, iliyotoka Agosti 2025 ikiwa na kerneli hiyo, walikutana nao pia.

Mtazame tena yule mtu wa kwanza. Ameisakinisha VirtualBox upya, haikusaidia. Amebadilisha mgeni, haikusaidia. Amebadilisha kiasi cha memori, akapunguza idadi ya prosesa, akafuta mashine na kuiunda nyingine. Yote ya bure, kwa sababu anatafuta kitu kilichovunjika na hakipo. VirtualBox ni nzima, KVM ni nzima, prosesa ni nzima. Wawili wanataka kiti kimoja. Ujumbe ulimwambia hivyo waziwazi. Anayeuamini huandika `sudo modprobe -r kvm_intel`, anaiwasha mashine yake, na baadaye, akitaka suluhisho la kudumu, anaongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Kwa prosesa za AMD, moduli ya kuondoa ni kvm_amd.

Kuna hitilafu ambazo fundi huzisuluhisha kwa kujua mahali pa kusimama. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni za mtumba, zimefanya kazi maofisini Ulaya au Marekani kabla ya kufika kwetu. Baadhi huja VT-x ikiwa imezimwa kwenye BIOS. Tangu toleo la 6.1 la Desemba 2019, VirtualBox haiendeshi mashine yoyote bila msaada huo wa prosesa, hata mgeni wa biti 32 aliyekuwa akivumiliwa zamani. Kerneli hukiri kwenye `dmesg` kwamba KVM imezimwa na BIOS, na ukiuona mstari huo unajua tabaka lako. Unaingia kwenye BIOS, unaiwasha, basi. Lakini ikiwa ofisi ile ya kwanza iliifunga BIOS kwa nywila na hakuna anayeijua, hakuna amri ya terminali itakayoifungua. Fundi anayemwambia mteja hivyo ndani ya dakika kumi amemsaidia kuliko anayemzungusha wiki nzima na mafaili ya usanidi.

Hitilafu ndogondogo nazo zina adabu yake. Mtandao wa mgeni ukikatika, anayeanza husema “hakuna intaneti” na kuishia hapo. Fundi huugawa huo usemi. Katika mpangilio wa kawaida wa NAT, mgeni hupewa anwani 10.0.2.15 na lango lake ni 10.0.2.2. Je, anwani ameipata? Anafika kwenye mashine ya nje akitumia anwani ya namba? Na akitumia jina? Ikiwa namba zinafika na majina hayafiki, kadi ya mtandao haina hatia. Tatizo ni la DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Ikiwa mgeni anafika kote lakini mwenyeji hawezi kumfikia yeye, hapo hapana hitilafu kabisa, NAT ndivyo ilivyo, na kinachotakiwa ni kuelekeza mlango au kubadilisha aina ya mtandao. Na aliyechagua mtandao wa daraja juu ya Wi-Fi, kisha mgeni akakosa anwani, akumbuke kwamba vifaa vingi vya Wi-Fi havipendi anwani mbili za kadi kutoka kwa mteja mmoja.

Folda la pamoja linaloonekana lakini halifunguki kwa mgeni wa Linux huwa linasubiri mtumiaji aingizwe kwenye kundi la vboxsf, kisha atoke na kuingia upya, maana uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia. Wanaosahau hiyo hatua ya pili huishia kugawa ruhusa zote kwa watu wote, na folda bado halifunguki. Mashine inayosimama ghafla katikati ya kazi ikidai diski imejaa, ilhali ndani ya mgeni kuna nafasi tele, inamzungumzia mwenyeji. Diski pepe inayokua kadiri ya mahitaji hukua tu. Kufuta mafaili ndani ya mgeni hakurudishi nafasi kwa mwenyeji mpaka ibanwe kwa makusudi.

Katika visa vyote hivi chanzo cha ukweli ni kimoja, nacho ni logi. VirtualBox huweka faili la VBox.log katika folda la Logs la kila mashine, kila mstari ukianza na muda uliopita tangu mashine iwashwe, na za safari zilizotangulia hubaki zikiwa na namba mwishoni. Humo kuna toleo la programu, kerneli ya mwenyeji, memori iliyokuwepo, na mpangilio wote wa mashine. Hata pale VirtualBox inaposhindwa kabisa na kuonyesha dirisha la Guru Meditation, utani uliorithiwa kutoka kompyuta za Amiga za miaka ya 1980, logi huwa imekwisha kuandika. Wazoefu hawakimbilii mstari wa mwisho. Hulitafuta kosa la kwanza, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Fundi asiyesoma logi anasema peke yake: anakisia, anajijibu, anajipongeza, na hakuna wa kumpinga. Logi ndiyo inayompinga. Inahitaji unyenyekevu kidogo kukubali kwamba mafaili ya maandishi yanaijua kompyuta yako kuliko wewe, na unyenyekevu huo hautolewi cheti na chuo chochote.

Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa kompyuta ya EDSAC katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikuja kukumbuka jinsi mwaka 1949, akiwa kwenye ngazi za jengo lao, alivyotambua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingekwenda katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Utambuzi ule ungeweza kumkatisha tamaa. Aliendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi. Nadhani aliona jambo ambalo sisi huchelewa kuliona: kutafuta kosa ni sehemu ya kazi yenyewe, na anayelichukia atachukia kazi yote.

Najua hoja ya upande wa pili. Muda ni mali. Kusakinisha upya ni kazi ya saa moja, kutafuta chanzo kunaweza kula siku. Hoja hii ina nguvu zaidi pale intaneti inapopatikana bila kuhesabiwa. Kwa anayenunua bando, faili la kusakinishia Ubuntu 24.04, lenye zaidi ya GB 5, si jambo la kubonyeza tu, na umeme ukikatika katikati ya kupakua, huanza hesabu nyingine. Mwanafunzi wa namna hii hulazimika kuwa fundi mapema, kwa kuwa kufuta na kuanza upya kunamgharimu zaidi kuliko kufikiri. Hata hivyo sisemi mtu asisakinishe upya kamwe. Diski inayokufa haiponywi kwa kusoma, na mfumo uliovurugwa na mikono mingi huweza kuwa hausomeki tena. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo utoke kwenye ushahidi. Zaidi ya hayo, kerneli itasasishwa tena. Aliyesakinisha upya bila kujua sababu ameahirisha tu tatizo lake hadi sasisho lijalo.

Kanuni nyingine ya ufundi huu ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukigusa mambo matano na mashine ikawaka, hujui ni lipi lililoiponya, na manne yaliyobaki yatakusumbua baadaye. Mashine pepe inakusaidia kuitii kanuni hiyo kuliko kompyuta yoyote ya kushikika, kwa kuwa unaweza kuhifadhi hali yake ya sasa, ukajaribu jambo la hatari ndani ya mgeni, likishindikana ukarudi ulipokuwa. Ila hali zilizohifadhiwa huitegemea diski ya msingi. Diski hiyo ikipotea, zote zinapotea nayo. Haziwezi kuwa badala ya nakala iliyowekwa mahali pengine.

Na kwa nini yote haya yawe rahisi kuyasifu juu ya Linux? Kwa sababu milango iko wazi. Ujenzi wa moduli ulioshindikana unaonyesha mstari wa msimbo ulioushinda. Badiliko la 6.12 liliandikwa hadharani, pamoja na sababu zake na jina la kigezo cha kulirudisha nyuma. Uwazi huo haumfanyi mtu kuwa fundi. Unamnyima kisingizio tu.

Uwazi unadaiwa pande zote mbili. Anayeomba msaada kwa kusema “VirtualBox haifanyi kazi” amewapa wenzake fumbo. Mficha uchi hazai: atoe ujumbe wote kama ulivyoandikwa, toleo la mfumo, toleo la kerneli, toleo la VirtualBox, alichobadilisha kabla ya kugoma, na alichojaribu baada ya hapo. Wengi wakishaandika orodha hiyo kwa ukamilifu hujikuta wamelijua jibu kabla ya kuituma, kwa sababu wamelazimika kuuliza maswali waliyoyaruka.

Kipimo cha ufundi huu basi kiwe hiki: mashine ikiwaka, muulize aliyeitengeneza ilikuwa na nini. Akisema “nimehangaika nayo tu ikakubali,” mshukuru, lakini ujue mnakutana tena. Akikuambia ni tabaka gani lililogoma, amelijuaje, amebadilisha nini, na kitu gani kinaweza kulirudisha tatizo, huyo ni fundi. Mlipe haki yake. Nawe msomaji, siku ile -1908 itakapokutokea, usinakili amri yoyote kwanza. Andika `uname -r`, soma jibu, kisha liandike kwa Kiswahili kwenye daftari pamoja na kila ulichokigundua baada yake. Atakayepatwa na hitilafu hiyo baada yako atahitaji ukurasa huo.